Mtani Aliyeingia Kaburini

Mtani wangu Yakobo,

Msalaba wako umeanguka. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana huko uliko nadhani habari zinafika upesi. Mchwa wa Vihingo hawakujali kwamba ulikuwa mwalimu wa dini. Waliula kuanzia chini, kimyakimya, na masika yalipolegeza udongo ukalala kifudifudi juu yako. Niliukuta asubuhi nilipokuwa nakwenda kutazama mihogo.

Najua unacheka. Unasema, "Wazaramo hawa, hata mchwa wao hawana adabu." Cheka tu. Mimi nilisimama pale na jembe langu begani na sikucheka, na wewe unajua ni nadra kwangu.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizokuwa ukisema zinatembea kinyumenyume kama kaa. Hukutaka kujifunza ingawa nilikuomba, na mimi za kwako nilijua za kutosha kusoma jina la stesheni pale Soga, basi. Itakubidi umtafute huko mtu wa kukusomea. Hawatakosekana.

Habari za huku ni nzuri kwa kiasi chake. Shemeji Rebeka amehamia Kisarawe kwa kaka yake. Alikaa kwenye nyumba yenu mpaka mavuno yakaisha, halafu kaka mtu akaja kumchukua, nami nikawasindikiza nikiwa nimejitwika sufuria zake kichwani, na njia nzima watu wananiuliza nimeolewa wapi. Kanisa lenu la udongo bado limesimama, ila ukuta wa upande wa machweo umeanza kuinama. Wamemleta mwalimu mwingine, kijana mpole, sauti yake ndogo haifiki hata barabarani. Yako ilikuwa inafika msikitini, tena katikati ya sala, na unakumbuka tulivyolalamika. Sasa Jumapili pako kimya na mimi sioni raha ya ule ukimya.

Na nguruwe wanakusalimu. Tangu uondoke hakuna wa kuwategea mitego, sisi wengine hatuwali na hatuna haja ya kuwagusa, kwa hiyo wamejua. Wanaingia shambani kwangu kama wameitwa. Wiki iliyopita walichimbua mihogo ya upande wote wa bondeni, na Mama Zuhura, mke wangu, alisimama katikati ya mashimo akasema, "Mwalimu Yakobo angekuwepo, wangethubutu?" Huo ndio msiba wako ulivyo nyumbani kwangu. Kila kinachoharibika tunakutaja.

Lakini si mchwa wala nguruwe walionikalisha chini kuandika. Kuna jambo linanisumbua tangu tulipokuzika, na sina wa kumwambia ila wewe. Tuliahidiana, mimi na wewe, kwamba atakayetangulia, mwenzake ataingia kaburini mwake na hatatoka mpaka apewe haki yake ya utani. Tuliahidiana tukicheka, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye atakayetangulia. Umetangulia wewe. Mimi nimetimiza. Na mimi je? Siku yangu ikifika, nani ataingia? Hapa hakuna Mnyamwezi mwingine, waliobaki mashambani ni vijana, wanakuja na kuondoka, mila hawazijui. Umeniacha bila mtani, Yakobo, na mzee asiye na mtani anazikwa kama mzigo.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana ulikuwa na tabia ya kuzihadithia habari zetu kwa kujipendelea.

Mara ya kwanza kukuona ulikuwa umekaa juu ya gogo, kambini kwa manamba, kwenye shamba la mkonge la huko Soga. Miguu yako ilikuwa imechanwachanwa na miiba na kichwani ulikuwa na kofia ya ukili. Mimi nilikuwa nimewaletea mihogo. Nikakuuliza kwenu wapi, ukasema, "Mimi Mnyamwezi, nimeletwa na gari moshi." Sikungoja. Nilikuvua kofia nikaivaa mimi, nikasema, "Kumbe mtumwa wangu! Babu zako walipita hapa na mizigo wakienda pwani, wakala vyakula vyetu, na kofia hii ndiyo shukrani waliyosahau." Wenzako wasiojua utani wakasimama, wakidhani patapigwa mtu. Wewe ulinitazama tu. Halafu ukainuka, ukabeba kapu langu lote la mihogo, ukaingia nalo ndani, na kutoka huko huko ndani ukasema kwa sauti ya mkubwa, "Mtumwa, kesho ulete na nazi."

Nikaleta na nazi. Tangu siku ile sidhani kama ilipita wiki bila mmoja wetu kumtukana mwenzake.

Mkataba wako ulipokwisha wenzako walipanda gari moshi kurudi kwao, wewe ukabaki. Ulikuwa umemwona Rebeka, binti wa Kikristo kutoka Kisarawe, na watu wa misheni walikuwa wamekusikia ukiwasomea manamba kitabu chenu siku za Jumapili. Wakakupa kazi ya kufundisha na kipande cha ardhi karibu na changu. Nilikuja kukusaidia kusuka makuti ya paa la kanisa. Nilisema nasuka makuti, dini sisuki. Ukasema hayo yanatosha kwa kuanzia.

Ndani mlitundika msalaba wa mbao mbili zisizo na rangi. Kila nilipopita na jembe langu nilichungulia mlangoni nikakuuliza, "Mtumwa, huyo wenu bado hajashuka tu?" Wewe ulikuwa unanijibu bila kugeuka, "Msalaba mtupu huo, huoni? Ameshaondoka, anakutafuta wewe." Watoto wa darasa walikuwa wanacheka mpaka unawapigia meza.

Lakini lilikuwa swali la kweli, nimelificha ndani ya utani. Sisi tulifundishwa chuoni kwamba Nabii Isa hakusulubiwa, Mungu alimwinua, hakumwachia maadui zake wamfanyie vile. Hilo kwangu lina heshima yake. Bwana anamlinda mtumishi wake. Ninyi mnasema aliachwa pale mpaka mwisho, na watu wakasimama chini wakimcheka, wakimwambia ashuke kama anaweza, naye akakaa. Nikakuuliza siku moja tukiwa tumekaa, makuti mapajani, "Hivi, Yakobo, bila mzaha, Mungu gani huyo? Alikuwa na nguvu, mbona hakushuka?"

Ulinijibu yale ya kitabuni. Dhambi, damu, ukombozi, sadaka. Uliyasema vizuri, kwa mpango, kama unavyowafundisha watoto, na mimi nikaitikia kwa adabu na hayakuingia. Nadhani uliona. Ukaniuliza kwa nini sisi huchinja siku ya Idd kubwa. Nikakueleza habari za Ibrahimu na mwanawe na yule kondoo aliyeletwa mahali pa kijana. Ukasikiliza kama huijui, na unaijua. Halafu ukasema taratibu, "Mungu alimhurumia mtoto wa Ibrahimu. Wa kwake hakumwekea kondoo. Mimi huwa nafika hapo nashindwa kuendelea." Ukachukua kuti jingine. Sikukutania siku ile, na uliniuliza kama naumwa.

Kisha akafa mama yangu.

Ulikuja kabla jua halijapanda, umevaa kanga ya Rebeka kichwani, unalia kwa sauti ya kike, unamwita mama "mchumba wangu, umeniacha na mtumwa huyu." Wafiwa waliokuwa wamejikunyata kwenye mikeka wakaanza kutikisika mabega. Kule makaburini, mwanandani wa kumlaza umeshachongwa, mama yuko pembeni ndani ya sanda, wewe ukaruka ndani ya kaburi. Ukajinyoosha. Ukasema umepapenda, bibi atafutiwe pengine. Shehe alikunja uso, akataka utolewe, na wajomba zangu wakamwambia, "Mwache, shehe, huyo ni mtani, ana haki." Ukakaa mle unatukanwa na ukoo mzima. Mwalimu wa Kikristo, na Jumapili yake imeshakaribia, amelala kwenye udongo wa Waislamu. Hukutoka mpaka ulipopewa kuku wa mama, yule mweusi.

Sijawahi kukuambia hili. Tangu mama afe mpaka saa ile nilikuwa sijalia. Kifua kilikuwa kimekaza mpaka napumua kwa shida. Nilipokuona umelala pale, pale hasa atakapolala yeye, na huogopi, kikafunguka. Nililia na kucheka kwa pamoja na nikaweza kumshika mama yangu na kumteremsha. Kama usingetangulia wewe kuingia, nisingeweza kumweka.

Jioni ile tulikuwa uani kwangu, unamnyonyoa yule kuku, manyoya yamekujaa kwenye ndevu. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Kibwana, mtani akishaingia kaburini, ukimwambia atoke, anatoka?"

Nikasema, "Hatoki mpaka apewe anachotaka."

"Hata wakimtukana?"

"Atukanwe ndiyo kazi yake. Mtani hakasiriki."

"Hata wakimwambia, kama wewe hodari hebu toka tukuone?"

Nikakuambia, "Akitoka kabla hajapewa, huyo si mtani. Huyo ni mtu tu aliyeanguka shimoni."

Ulicheka mpaka kuku akakuponyoka akaanguka kwenye majivu. Ukamwokota, ukampangusa. Halafu ukasema, "Basi, ndugu yangu, ndiyo maana hakushuka msalabani."

Nilibaki nimeshika kisu. Nikakuuliza alitaka apewe nini, kuku? Ukasema, "Sisi. Alitaka sisi. Mimi, na wewe mchungulia milango, na kila mtu aliyelala mahali asipoweza kujitoa."

Nikasema mimi sijalala popote, niko hapa nanoa kisu. Ndipo uliponiambia habari ya kisu kingine. Kwamba kule Soga, ule mwaka wa kwanza, nyapara mmoja alikupiga mbele ya wenzako mpaka ukajikojolea, nawe ukawa unakinoa kisu cha kukatia mkonge kila jioni kwa ajili ya shingo yake. Ulisema ulikuwa unakula, unafanya kazi, unacheka na mimi, unabeba mihogo yangu, na huku umo ndani ya shimo na udongo unaanza kukufunika. Jumapili moja ukawasomea wenzako habari ya yule aliyepigiliwa misumari naye akawaombea msamaha waliokuwa wanaipigilia. Ulisema ulikuwa umeisoma mara nyingi tangu utoto, kwenu, ila siku ile ulimwona amelala pale ulipolala wewe. Alikuwa amekuja mpaka chini kabisa, kwenye ile chuki yako, na hakuichukia. Kisu ulikirudisha kazini. "Sikujitoa, Kibwana," uliniambia. "Nilitolewa. Wokovu ninaoujua mimi ni huo, mengine nafundisha kwa sababu yameandikwa."

Nilikupa firigisi, fungu la mwenye nyumba, nikajifanya nimekupa kwa kusahau.

Sasa nikuambie maziko yako, maana ulikuwepo lakini hukuona.

Ulikwenda kwa kifua. Unakumbuka siku zako za mwisho ulivyokuwa mwepesi, nakuinua kwa mkono mmoja kukugeuza, na bado unanitukana kwa pumzi ndogo. Ulinishika kanzu ukasema, "Usije ukawaogopa wachungaji." Nikakujibu kwamba nitaingia, tena nitakoroma. Alfajiri iliyofuata Rebeka alikuja kunigongea, na kabla hajasema nilishajua kwa jinsi alivyosimama.

Kaburi tulichimba sisi, majirani, wote watu wa msikitini isipokuwa wawili. Mchungaji alikuja kutoka Kisarawe kwa baiskeli, kijana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinipa shikamoo nikampa marahaba. Kisha akaambiwa mimi ni nani wako na nimekuja kufanya nini. Akanivuta pembeni kwa adabu sana. Akasema, "Mzee, nawaheshimu ninyi na mila zenu. Ila hapa tunamzika mtu chini ya msalaba. Si mahali pa mzaha, na wewe si wa imani hii. Nakuomba."

Nikamwelewa. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Nikarudi nikasimama nyuma ya watu, chini ya jua, na moyo ukaniuma, Yakobo, uliniuma kweli. Nilijua nikiruka kwa nguvu nitamharibia Rebeka maziko ya mume wake. Nisipoingia, wewe unateremshwa kama mtu aliyeokotwa njiani, hana ndugu, hana kabila, hana hata mtu mmoja wa kumgombania shimo. Nikatazama chini nikakuomba radhi kimoyomoyo.

Mchungaji akasoma. Akafika kwa wale askari waliomvika yule Bwana wenu joho la kifalme ili wamcheke, wakampigia magoti ya mzaha. Pale Rebeka akanyanyua kichwa. Hakungoja amalize. Alipita katikati ya watu na koti lako jeusi la Jumapili mkononi, nadhani alikuwa nalo tangu nyumbani, akaja mpaka nilipo akanitupia mabegani. Nikalivaa, mikono yake ikanipita vidole. Akamgeukia mchungaji akasema, "Hata pale walicheka, mchungaji. Huyu angalau anamcheka kwa kumpenda. Mume wangu alimwomba."

Mchungaji akafunga kitabu juu ya kidole chake.

Nikaruka.

Nikajinyoosha na koti lako. Nikasema, "Hapa pananitosha. Huyu Mnyamwezi mtafutieni shimo jingine, tena liwe refu, miguu yake mnaijua." Wakacheka, na mwanamke mmoja akaangua kilio katikati ya kicheko, kama inavyotakiwa. Nikajiandaa kusema la pili. Nilikuwa nalo, nimelitengeneza siku nyingi, lilikuwa zuri, lingekupendeza.

Nikaangalia juu, likanitoka.

Kule chini ni baridi, Yakobo. Nilikuwa nimechimba makaburi maisha yangu yote na sikuwahi kulala. Mbingu inakuwa kipande kidogo. Watu wanakuwa ndevu na matundu ya pua. Na mmoja wenu alikuwa ameushika ule msalaba ukingoni, tayari kusimikwa, umeinama kidogo juu yangu. Nikajua kwamba mtu akifika hapa kweli, hapandi kwa uhodari wake. Wanaweza kumwita kutoka juu mpaka wakauke koo. Nikakumbuka nilivyokuwa nachungulia mlangoni kwako nikiuliza mbona hakushuka, na pale nilipolala nikaona alikuwa ameshashuka, kushuka kwenyewe ndiko huko, na kama angejiokoa angebaki juu pamoja na wale wengine wa kuita. Sikutaka wa kuniita. Nilitaka wa kuingia.

Nikasikia mtu anapiga magoti ukingoni. Alikuwa mchungaji, na suruali yake nzuri kwenye udongo mbichi. Akaniuliza kama inavyopaswa kuulizwa, na sijui nani alimfundisha, "Mtani, unataka upewe nini?"

Nilitakiwa kusema kuku. Nikasema, "Namtaka Yakobo. Nipeni mtani wangu, la sivyo sitoki."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia koti lako likipanda na kushuka kwa pumzi zangu. Yule kijana akanyoosha mkono chini kwangu akasema polepole, "Yuko aliyemdai kabla yako, mzee. Aliingia humo kabla yako, akakataa kutoka bure. Ameshapewa."

Nikamshika mkono, nikatoka. Tukakuteremsha mimi na yeye, yeye kichwani, mimi miguuni.

Sijui kama ulimsimulia habari ya kuku wa mama, au aliitoa wapi. Sikumuuliza, naogopa ataniambia. Rebeka alinipa jogoo wako, yule mwenye kiburi. Nilipaswa kumchinja. Bado anawika kwangu, anasumbua mtaa mzima, na kila nikitaka kumshika nakumbuka manyoya kwenye ndevu zako.

Sasa turudi kwenye msalaba, maana najua ndicho unachongoja kusikia. Nilipoukuta chini nilifikiri nimpelekee mchungaji habari. Lakini Kisarawe ni mbali, Rebeka hayupo, na yule mwalimu kijana alisema atauliza. Nikawaza, huyu ni mtumwa wangu, nimuulize nani? Darini kwangu kulikuwa na miimo ya mlango, mkongo mzuri, niliyochongesha kwa fundi wa Kibaha. Mkongo mchwa hawauwezi upesi. Nikaiteremsha.

Mama Zuhura alinikuta nje na msumeno. Akauliza, "Baba Zuhura, si miimo ya mlango wangu hiyo?" Nikasema ndiyo. "Inakwenda wapi?" Nikamwambia. Alisimama kitambo, mikono kiunoni, nikajiweka tayari. Mlango wetu bado ni mkeka, anaujua yeye kila upepo ukivuma. Mwishowe akasema, "Basi chimba uende chini sana, na utie majivu mengi, wasije wakaula na huu." Akaingia ndani akaniletea majivu ya jikoni kwenye ungo.

Nimeusimamisha. Haukukaa sawasawa, mkono mmoja umezidi mwingine kidogo, na kwenye ubao uliosimama kuna tundu la komeo ambalo fundi alikuwa ameshalitoboa. Utavumilia. Jina lako nilitaka liandikwe kwa herufi zako, nikajaribu kwa mkaa, likawa kama njia ya kuku. Nikachonga kwa herufi ninazozijua. Yakobo bin Masanja, kutoka kulia kwenda kushoto. Jirani yangu mmoja akapita akauliza, "Kibwana, umeshaingia kwao?" Nikamjibu namtengenezea mtumwa wangu kitanda. Akatikisa kichwa akaenda zake, na kesho yake akaja na panga tukafyeka pamoja.

Mchungaji alifika baadaye. Alikaa pale mbele, kofia mkononi, akaniuliza pameandikwa nini. Nikamsomea. Nikamwambia kama ni makosa nitayafuta. Akapitisha kidole kwenye yale maandishi, akagusa na lile tundu la komeo, akasema, "Uache, mzee."

Usifurahi upesi. Sijabatizwa. Adhuhuri ikifika natandika mkeka wangu kama kawaida, na siku nikifa mashehe watanisomea, wanangu watanifukia, wala sitaki wagombane juu yangu. Nakuambia tu nilichokiona nikiwa nimelala, kwa sababu wewe hukuwahi kunidanganya.

Nakuahidi haya. Majani hayatakufunika nikiwa hai. Ubao ukioza nitakata mwingine, hata kama Mama Zuhura atalala bila mlango mpaka uzee. Rebeka nitamtembelea kila mavuno na nitampelekea mihogo ambayo nguruwe wako wameisaza. Lala salama, ndugu yangu. Hilo nalisema bila utani wowote.

Na wewe nina neno la kukutuma. Siku yangu ikifika hapatakuwa na Mnyamwezi wa kuruka ndani. Jioni ile ya kuku ulinionyesha kwamba huyo wa msalabani ni mtani wa watu wote. Basi kama ndivyo, mwambie Vihingo kuna mzee mmoja, nyumba ya tatu kutoka kanisani, mlango wake ni mkeka, hana mtani. Mwambie asiwaogope mashehe. Aingie kabla yangu, na wakimwambia atoke, asitoke mpaka apewe.

Mimi, mtumwa wako,
Kibwana